Hurricane, Spitfire, 109 au ndege za melini: uanze kujifunza kutua na ipi?

Kila baada ya muda kuna mtu ananiuliza swali lile lile: amenunua jostiki, ameweka programu ya urubani kwenye kompyuta, anazitaka ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aanze na ipi? Na kila mara, kabla sijajibu, ameshachagua mwenyewe. Spitfire. Kwa uzuri wake ule, nani atamlaumu? Jioni ya kwanza anapaa vizuri, anazunguka mawinguni, anapiga picha za skrini. Kisha anarudi kutua, na ndani ya sekunde kumi ndege imesimama kwa pua, mkia juu kama bata anayetafuta chakula majini. Ananiandikia kwamba programu ina kasoro.

Haina. Marubani wa kweli, vijana wa miaka 20 waliofunzwa na jeshi, walizivunja ndege hizi kwa namna hiyo hiyo, viwanjani kwao, mchana kweupe, bila adui hata mmoja angani. Nyingine zilivunjika kwa sababu rubani alikosea. Lakini ukizikagua moja moja utaona kwamba kosa lenyewe mara nyingi lilikwishapangwa mezani kwa mchoraji: miguu ifungwe wapi, ikunjwe upande gani, rubani akae umbali gani nyuma ya injini. Hapo ndipo nitakapozilinganishia. Kasi, bunduki na mizinga, hayo utayapata kila mahali.

Mwenye haraka achukue hili na aondoke: kwa nchi kavu anza na Hurricane, kwa melini anza na Hellcat ya Kimarekani. Spitfire iwe ya pili. 109, ile Messerschmitt ya Kijerumani, usiiguse kama huna pedali za miguu. Seafire, yaani Spitfire ya melini, ni ya mtu anayependa kuteseka.

Magunia ya mkaa

Ndege karibu zote za kivita za wakati ule zilikuwa na magurudumu mawili mbele na kigurudumu kidogo mkiani, na uzito wake ulikaa nyuma ya yale mawili ya mbele. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye magunia ya mkaa nyuma anajua kinachofuata. Maadamu unakwenda moja kwa moja, mzigo unakufuata kwa adabu. Ukiyumba kidogo tu, mzigo unataka kupita mbele, na wewe ndiye unayebaki kuufuata. Ndege ikifanya hivyo ardhini inajizungusha kama pia, bawa moja linakwaruza chini, na mguu wa upande wa nje unakunjika. Ukikanyaga breki kwa hofu, inachagua njia nyingine: inapiga pua, na rafadha, lile panga boi la mbele, inachimba udongo.

Basi unapochagua ndege, jiulize mambo matatu. Magurudumu yameachana kiasi gani? Unaona nini mbele ukiwa unashuka? Na bawa likiacha kubeba, linakuonya kwanza au linakuangusha kimya kimya?

Hurricane na Spitfire

Hizi ni ndugu wa zama moja, zote za Kiingereza. Hurricane ilipaa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935, Spitfire tarehe 5 Machi 1936 kutoka Eastleigh (ya Southampton, si ile ya Nairobi). Zote mbili zilibeba injini ya Merlin, na zote zilianza na bunduki nane mabawani. Angani Spitfire ilikuwa na kasi zaidi. Ardhini mambo yanageuka.

Miguu ya Hurricane imefungwa mbali, huko nje mabawani, nayo inakunjwa kwenda ndani. Magurudumu yameachana zaidi ya mita 2 na robo. Ya Spitfire imefungwa karibu na kiwiliwili na inakunjwa kwenda nje. Magurudumu yake yameachana mita 1.74 tu. Mlaze mtu mzima katikati yake, nafasi imekwisha. Juu ya miguu hiyo kuna injini nzito na pua ndefu. Katika Spitfire za mwanzo kipozajoto kilikuwa chini ya bawa la kulia, nyuma ya mguu ulioshushwa, kwa hiyo ukichelewa kupaa maji yanachemka ungali ardhini. Wanaoanza wanashangaa injini inapokufa wakisubiri zamu yao.

Sitaki uchukue neno langu tu kuhusu uvumilivu wa Hurricane. Juni 1940 Waingereza walikuwa wanaondoka Norway. Kikosi namba 46 kilikuwa Bardufoss na Hurricane zake kumi, na amri ilikuwa waziharibu huko huko, kwa sababu ndege hizo hazikuwa na ndoana ya kunasia waya melini na hakuna aliyewahi kuzitua juu ya meli kwa namna hiyo. Marubani wakaomba wajaribu. Wakaweka mfuko wa mchanga wa kilo sita na kitu ndani ya mkia, ili waweze kukanyaga breki zote mara tu magurudumu yanapogusa bila ndege kupiga pua. Zikaenda tatu kwanza, chini ya Patrick Jameson, kisha nyingine saba na mkuu wa kikosi, Kenneth Cross. Zote kumi zikatua salama juu ya HMS Glorious, na marubani wake hawakuwa wamewahi kutua melini. Furaha haikumaliza siku. Tarehe 8 Juni manowari za Kijerumani Scharnhorst na Gneisenau ziliizamisha Glorious pamoja na meli mbili zilizoisindikiza, watu zaidi ya 1,500 wakafa, na Hurricane zote zikaenda chini. Jameson na Cross walikuwa miongoni mwa wachache sana waliookolewa.

Mfuko wa mchanga mkiani, breki zote, na meli imetosha. Jaribu hilo na Spitfire uone.

Kwa upande wa Spitfire, kisa changu ni cha ile ya kwanza kabisa, K5054, ambayo mchoraji wake, R. J. Mitchell, aliiona ikipaa mwaka mmoja na miezi mitatu kabla hajafariki. Miaka mitatu na nusu ilitumika kwa majaribio ya kila aina. Tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita, ilitua vibaya huko Farnborough, ikadunda, ikapinduka juu chini. Rubani alikufa kwa majeraha siku chache baadaye. Ndege mama ya nyingine zaidi ya 20,000 haikufa vitani. Ilimalizwa na mdundo mmoja kiwanjani.

Lakini nisiionee. Spitfire ina tabia moja nzuri ambayo wanaoogopa pua yake hawaisemi: bawa lake linakuonya. Ncha za mabawa zimepindwa kidogo, kwa hiyo sehemu ya ndani huacha kubeba kwanza, na ndege inatetemeka kama gari lenye gurudumu bovu kabla haijaanguka. Ukiusikia mtetemo huo unajua uko wapi. Flapu zake, vile vibamba vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, nazo hazina hesabu: juu au chini, basi, hakuna katikati. Breki ni za hewa, unazibana kwa mkono kwenye usukani huku miguu ikichagua gurudumu gani lishikwe zaidi. Na kwa kuwa pua inaficha kiwanja chote ukija umenyooka, marubani walikuja kwa kona, wakiitazama njia kwa upande wa kushoto, wakanyoosha ndege sekunde za mwisho. Wakivuka ukingo wa kiwanja kwa takriban kilomita 137 kwa saa. Ongeza kumi kwa woga, ndege itaelea na kuelea mpaka njia iishe. Hilo nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Hukumu yangu: Hurricane jumanne, Spitfire jumamosi. Hurricane itakufundisha miguu yako kazi, na ukikosea itakuchapa kofi dogo. Ukitaka sababu ya nyumbani, Hurricane za Afrika Kusini zilipigana na Waitaliano zikitokea Kenya mwaka 1940 na 1941, kwenye viwanja vya vumbi na mawe ambavyo havikuwa na huruma kwa miguu myembamba.

Messerschmitt 109, na uongo unaosemwa juu yake

Uliza popote kwa nini 109 ilikuwa mbaya kutua, utajibiwa: magurudumu yamekaribiana mno. Jibu hilo linarudiwa kama kasuku. Pima. Ya 109 yameachana karibu mita 2, zaidi kidogo kwenye aina za baadaye. Ni mapana kuliko ya Spitfire! Kama ukaribu ndio ungekuwa shida peke yake, Waingereza wangevunja zaidi.

Tatizo ni jinsi miguu ilivyokaa. Wahandisi wa Messerschmitt waliifunga kwenye kiwiliwili, siyo bawani, na walikuwa na sababu nzuri: unaweza kuyang'oa mabawa yote mawili na ndege ikabaki imesimama kwa miguu yake, ukaipakia kwenye treni, ukabadilisha bawa lililotobolewa bila winchi wala jukwaa. Fundi aliipenda. Lakini mguu unaotoka kiwiliwilini lazima utanuke kwenda nje, na gurudumu linakaa limeinama. Ndege ikiegemea upande mmoja, gurudumu linaloelemewa linaanza kuvuta upande wake lenyewe, na yale magunia ya mkaa yanapata nafasi yaliyokuwa yanaitafuta. Ongeza kwamba 109 inasimama imeinua pua juu sana, kwa hiyo ili iguse kwa magurudumu yote matatu lazima uiinue pua mpaka usione kitu mbele. Ndege ya kwanza kabisa ya aina hiyo, ilipopelekwa Rechlin kwa majaribio mwaka 1935, miguu ilivunjika wakati wa kutua. Ishara ilikuwepo tangu siku hiyo.

Halafu kuna kioo. Hili halitajwi sana na kwangu ndilo linaloamua. Kifuniko cha Spitfire kinatelezeshwa nyuma; rubani anakifungua akiwa angani, anachungulia kichwa nje pembeni ya pua, anaona. Cha 109 kina bawaba upande wa kulia kama kifuniko cha sanduku. Angani hakifunguliwi. Umefungiwa ndani, mbele kuna injini, pembeni kuna fremu za chuma, na ardhi inakuja. Kwenye skrini pia utaliona jambo hili: katika Spitfire unasogeza kichwa nje, katika 109 unagonga kioo.

Ina mazuri yake, na mashabiki wake watanikasirikia nisipoyasema. Mbele ya mabawa kuna vibamba vinavyochomoza vyenyewe kasi ikipungua, na kwa hiyo 109 ikiwa polepole inashikika vizuri kuliko unavyotarajia. Magurudumu mawili ya mkono yaliyo kushoto kwa rubani, moja la flapu na moja la kurekebisha mkia, yanazungushwa pamoja kwa mkono mmoja. Ukishazoea ni raha. Na aina za mwisho wa vita zilikuwa na mkia mrefu zaidi wenye kufuli la kuzuia kigurudumu cha nyuma kisiyumbe. Kama programu yako inakuruhusu kuchagua aina, chukua yenye kufuli hilo. Usione haya.

Anayedhani uzoefu unatosha, amtazame yule 109 aliyeitwa "Black 6". Ilitekwa Libya mwaka 1942, ikakarabatiwa kwa miaka mingi mpaka ikaruka tena mwaka 1991, na rubani wake wa siku ya mwisho alikuwa afisa wa cheo cha juu sana katika jeshi la anga la Uingereza. Tarehe 12 Oktoba 1997, huko Duxford, katika safari iliyopangwa kuwa ya mwisho kabla haijawekwa makumbusho, alipata wasiwasi na injini, akaja na kasi kubwa, akapitiliza kiwanja, akaivusha ndege juu ya barabara kuu ya M11 na kuishia kwenye shamba lililolimwa. Magurudumu yakazama kwenye matuta, ndege ikalala chali. Rubani akatoka mzima. Ndege ikaenda makumbusho kweli, baada ya kunyooshwa.

Ukiikosa 109, kuna Focke-Wulf 190, na hapa sitakawia. Miguu yake imeachana mita tatu na nusu, inakunjwa kwenda ndani, na juu ya kila bawa kuna kijiti kidogo kinachochomoza kukuonyesha kwamba mguu umeshuka. Kwa magurudumu ni salama kuliko 109 mara kumi, ila bawa lake halionyi: likikata limekata. Kisa chake maarufu cha kutua hakikuvunja hata msumari. Tarehe 23 Juni 1942 rubani Armin Faber, baada ya mapigano, alichanganya Mlango wa Bristol na Mlango wa Uingereza, akaamini yuko Ufaransa, akatikisa mabawa kwa furaha na kutua vizuri sana kwenye kiwanja cha Pembrey, Wales. Askari mmoja akarukia bawa na kumwelekezea bastola ya fataki. Waingereza wakapata 190 nzima, bila mkwaruzo, ndege waliyokuwa wakiitafuta kwa udi na uvumba.

Melini

Sasa tunaingia baharini, na hapa kila kitu kinakuwa kidogo: njia ni fupi, inakwenda, inapanda na kushuka, na mwisho wake kuna kizuizi cha nyaya au kuna ndege za wenzako. Nyuma ya sitaha anasimama mwongozaji mwenye vibao mikononi. Angalizo dogo la faida: mwanzoni mwa vita ishara za Waingereza na za Wamarekani zilikuwa kinyume. Mwingereza akiinua mikono alikuwa anakuamuru upande juu. Mmarekani akiinua alikuwa anakuambia uko juu mno, shuka. Fikiria mtu amezoea moja akapewa nyingine. Hatimaye Waingereza walizichukua za Wamarekani.

Bahari yetu haikuwa mbali na habari hizi. Baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwezi Aprili 1942, meli za Kiingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini, na manowari za kubeba ndege zikawa wageni wa Mombasa. Kituo cha ndege za jeshi la majini kilichokuwa hapo kilipewa jina la Kiswahili, HMS Kipanga. Miongoni mwa ndege za HMS Illustrious zilikuwemo Martlet, yaani Wildcat za Kimarekani, ambazo miguu yake ilikunjwa kwa rubani kuzungusha mpini kwa mkono, karibu mizunguko 30, huku mkono mwingine ukishika usukani. Mpini ukiponyoka, ulikuwa unapiga kifundo cha mkono. Magurudumu nayo yamekaribiana, yanaingia tumboni. Ni ndege ya kuchekesha kujifunzia na nina mapenzi nayo, lakini sikushauri uanze nayo.

Seafire ndiyo Spitfire iliyopewa ndoana. Miguu ile ile myembamba, pua ile ile, kiwiliwili ambacho hakikuchorwa kwa ajili ya kuvutwa mkia ghafla. Ndoana ikinasa, pua inadonoa sitaha kama kuku. Septemba 1943, wakati majeshi yanashuka Salerno, Italia, Seafire zilifanya ulinzi kutoka kwenye meli ndogo zilizoongozwa na Admirali Philip Vian. Upepo ulikufa kabisa. Meli zenyewe hazikuweza kwenda zaidi ya noti (maili za baharini kwa saa) 17 hivi. Upepo wa mbele ndio unaompunguzia rubani kasi ya kugusa sitaha, na haukuwepo. Katika siku chache waliruka mara 713, na Seafire 42 zilipotea au kuharibika kiasi cha kutupwa, nyingi kwa ajali za kutua. Rafadha zilivunjika nyingi mno hata kwenye HMS Hunter wakaanza kuzikata ncha kwa msumeno, inchi chache kila panga, ili zisidonoe mbao. Ziliruka vizuri tu. Mhandisi mwenye kalamu angekataa. Fundi mwenye msumeno alikuwa hana muda.

Kwa hiyo Seafire usiichague kwanza. Ukiichagua, weka upepo wa noti 25 juu ya sitaha katika mipangilio, usijifanye shujaa.

Corsair, ya Kimarekani nayo, ni mkasa mwingine. Miguu yake haina lawama hata kidogo. Rafadha yake ilikuwa kubwa, kipenyo cha mita 4, na ingedai miguu mirefu kama ya korongo. Ndipo wakayapinda mabawa kama ya shakwe aliyegeuzwa, ili miguu ifungwe pale yanaposhuka chini zaidi, ikawa mifupi na imara. Ubaya ulitoka kwingine. Bunduki zilipowekwa mabawani, tangi la mafuta likahamia kiwiliwilini, na rubani akasukumwa nyuma karibu mita moja. Mbele yake kukawa na pua isiyoisha. Juu ya pua hiyo mafuta ya injini yalirushwa mpaka kwenye kioo. Bawa la kushoto lilikata kabla ya la kulia. Na miguu ile imara ilikuwa na springi ngumu iliyoirudisha ndege hewani kila ilipogusa. Ukidunda melini unaipitisha ndoana juu ya nyaya zote. Wamarekani wakaipa jina la utani lenye maana ya mmaliza maafisa wachanga.

Ninachokipenda kwa Corsair ni jinsi ilivyoponywa kwa vitu vidogo vidogo. Kiti kikainuliwa. Springi ikabadilishwa. Mguu wa kigurudumu cha nyuma ukarefushwa. Milango ya juu ya kupozea injini ikafungwa isifunguke, mafuta yakakoma kuja kiooni. Na kwenye bawa la kulia wakabandika kipande kidogo cha ukingo, cha urefu wa kiganja, ili nalo likate mapema sawa na la kushoto. Yaani waliliharibu kidogo bawa zuri ili lifanane na baya! Waingereza walikata ncha za mabawa, inchi nane kila upande, kwa sababu dari za mabohari ya meli zao zilikuwa chini. Wakagundua haidundi sana kama zamani kwa kuwa haielei tena. Wakaja kwa kona, kama walivyozoea kwa Spitfire, na Aprili 1944 Corsair zao zilikuwa zinatoka HMS Victorious kuwasindikiza walioishambulia manowari ya Kijerumani Tirpitz. Katika programu chagua Corsair ya baadaye, na uje kwa kona. Ukija umenyooka, meli hutaiona mpaka umeipanda.

Hellcat haina mkasa wa kuvutia, na huo ndio wasifu wake. Ilipaa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1942. Bawa ni pana, mita za mraba 31, kwa hiyo inashuka polepole. Rubani anakaa juu na pua inainama mbele yake, anaona sitaha. Miguu imeachana. Imejengwa kama jiwe la kusagia. Iko picha ya tarehe 10 Novemba 1943 juu ya USS Enterprise: Hellcat imeangukia pembeni mwa sitaha, moto unawaka, na Luteni Walter Chewning amepanda juu yake katikati ya miali akimsaidia rubani kutoka. Rubani alitoka hai. Tazama picha hiyo uone kiwiliwili bado ni kizima baada ya kipigo chote kile.

Hata hivyo hakuna ndege inayoushinda usiku bila mafuta. Jioni ya tarehe 20 Juni 1944, katika vita vya Bahari ya Ufilipino, ndege zaidi ya 200 za Kimarekani za aina mbalimbali zilipelekwa mbali sana dhidi ya meli za Japani, zikarudi gizani matangi yakiwa yamekauka. Admirali Marc Mitscher akaamuru meli ziwashe taa, nyambizi za adui ziwepo zisiwepo. Marubani walitua kwenye meli yoyote waliyoiona. Takriban ndege 80 zilipotea kwa kutumbukia baharini au kuvunjika sitahani, mara nne ya zilizodunguliwa na adui. Wengi wa watu waliotumbukia waliokotwa.

Kulingana na ulichonacho mezani

Una kibodi na panya tu? Hurricane, na usiende melini kabisa. Una jostiki ya bei nafuu yenye kuzunguka kushoto na kulia? Hurricane, kisha Hellcat, kisha Spitfire. Una pedali? Basi dunia ni yako, nenda hata 109, lakini tua mara ishirini na kufuli la mkia limefungwa kabla hujalifungua. Mimi ilinichukua majaribio tisa kuisimamisha 109 ikiwa nzima, na la kumi nikaivunja kwa majivuno.

Kama nia yako siyo kujifunza bali kuonja historia ya maumivu, Seafire na upepo sifuri. Umeonywa.

Na kabla ya yote, magurudumu. Tarehe 26 Mei 1936 Humphrey Edwardes-Jones alikuwa rubani wa kwanza wa jeshi la anga la Uingereza kuirusha Spitfire, huko Martlesham Heath. Akaja kutua, watu wote wanatazama, na nusura atue kwa tumbo. Alikumbuka dakika ya mwisho kwamba miguu bado iko juu. Wakati huo ndege iliyopo duniani ni hiyo moja. Wizara ilipomuuliza kama rubani wa kawaida ataiweza, akasema ndiyo, alimradi afundishwe vizuri habari ya magurudumu yanayokunjwa. Hiyo ya nusura hakuitaja. Tarehe 3 Juni zikaagizwa 310.

Miaka saba baadaye, Marekani, mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alitumwa kuchunguza kwa nini marubani wa ndege kubwa kama B-17 walikuwa wanatua salama kisha, ndege ikiwa bado inakimbia ardhini, wanakunja miguu yake na kuilaza kwa tumbo. Aliketi ndani ya chumba cha rubani akatazama. Swichi ya miguu na ya flapu zilikuwa bega kwa bega na zilifanana. Mtu aliyechoka alitaka kukunja flapu, akakunja magurudumu. Chapanis akabandika kigurudumu cha mpira kwenye moja na kipande chenye umbo la bawa kwenye nyingine, ili vidole vitambue bila macho. Mpango huo uko kwenye ndege mpaka leo.

Kwenye kibodi yangu kitufe cha magurudumu kina kifungo cha shati kilichogandishwa kwa gundi, na cha flapu kina kipande cha plasta. Anza na hapo.